Siku Ofisi Yetu Ilipowaoza Mapacha

Kwanza niwataje waliokuwepo asubuhi ile ya lori, maana mkisoma bila kujua nani ni nani wa nani, mtanilaumu mimi.

Alikuwepo Bwana Sosthenes, mkuu wa ofisi yetu ya kutafuta ndugu waliopoteana, mwalimu wa zamani kutoka Runazi. Dada yake Anastazia aliolewa na kaka wa marehemu mume wangu, kwa hiyo kwa hesabu za kwetu ni shemeji yangu, na ndiyo maana nilikuwa namjibu mambo ambayo mfagizi hamjibu mkuu wake. Alikuwepo Fidelis, mtu wa kompyuta, Mhaya wa Kamachumu. Wakati ule hakuwa ndugu wa yeyote pale. Baadaye alimwoa Spesioza, binti wa dada yangu, sasa ni mkwe na siwezi kumsema sana. Nitamsema kidogo. Alikuwepo Hamza, karani kutoka Tanga, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Alikuwepo Ladislaus wa Murukulazo, dereva wa lori, ambaye tulibatizwa naye siku moja, kwenye maji yaleyale. Alikuwepo Venerande, mkimbizi kutoka Burundi, na watoto wake mapacha, Bukuru na Butoyi, wenye miaka tisa. Na mimi Leokadia, ambaye wote mnaniita Mama Abeli.

Nimestaafu mwezi uliopita. Edina na Pastory, ninyi mnaobaki na mashine, mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Nimesoma hadi darasa la nne misheni, basi msitafute nukta na mikato. Nukta zangu nilizimalizia kwenye machekeche, kama mtakavyoona.

Niliajiriwa kufagia na kupika chai. Siku ya kwanza Bwana Sosthenes aliniuliza mbele ya watu, "Una uzoefu wa kufagia?" Nikamwambia, "Shemeji, umekula kwangu mara ngapi? Uliona vumbi kwenye ugali?" Akaandika kwamba uzoefu upo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulo, na vumbi jekundu la pale mnalijua, linapenya hata kwenye macho yaliyofumba. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta imefunikwa shuka la kitanda lenye maua. Nilipolifunua nikung'ute, Fidelis alipiga kelele.

"Mama Abeli! Hicho hakiguswi!"

"Nikisafishe bila kukigusa? Nikiombee?"

"Kina majina ya watu elfu nyingi humo ndani."

"Basi ndiyo maana kinapumua kwa shida."

Tangu hapo tukawa marafiki. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, namwitikia marahaba, halafu tunaanza kutukanana kwa adabu.

Haikupita wiki nikawa mkalimani pia, na ufagio mkononi. Kihangaza changu na Kirundi ni kama majirani wanaoazimana chumvi, kila siku mmoja yuko uani kwa mwenzake. Mkalimani aliyekuwepo alikuwa ametoka mbali na vyeti vyake, na Kirundi chake kilikuwa cha kwenye vyeti. Wazazi walikaa kwenye benchi, wanataja watoto waliowapoteza njiani, mimi natafsiri, Hamza anaandika fomu, Fidelis anaingiza kwenye mashine. Mashine ikisema hakuna, mimi ndiye ninayeambiwa niseme hakuna. Jibu hilo lilipita kwenye mdomo wangu mara nyingi, na mkumbuke hilo tunavyoendelea.

Majina niliyashika kichwani bila kukusudia. Hadi leo naweza kuwatajia waliokaa kwenye benchi lile Jumatatu ya kwanza, kuanzia upande wa mlango: Stanislas, Godelieve na mama yake Marita, Pontien wa mguu mmoja, na Nyandwi. Fidelis alikuwa ananijaribu kwa kunisomea orodha, na aliyechoka ni yeye.

Sasa chombo chenyewe. Orodha ya watoto waliokuwa peke yao iliandikwa mtoto mmoja mstari mmoja: nambari, mkato, jina la mtoto, mkato, jina la baba, mkato, jina la mama, mkato, nyumba ya watoto anayokaa. Ikichapishwa, karatasi zake zenye matundu pembeni zilifika magotini. Huwezi kusoma zote kila anapokuja mzazi. Fidelis alikuwa na lugha ya kuiamrisha mashine, inaitwa Perl, na ndani yake unaandika sura ya kitu unachokitaka, si kitu chenyewe. Mashine inapita mstari kwa mstari, unaofanana na sura ile unabaki, usiofanana unapita. Yeye aliita pateni. Nilipomwelewa nikamwambia, "Hilo ni chekeche. Mmelisomea miaka mingapi?"

Nilijifunza nikiwa nasubiri maji yachemke. Siku moja kulikuwa na mama anamtafuta Maria wake. Nikamwambia Fidelis, "Chekecha Maria." Zikaja Maria, Mariana, RoseMaria, Marianna, na mzee mmoja Jean-Maria ambaye sijui alifikaje kwenye orodha ya watoto. Fidelis akanionyesha kwamba chekeche linashika herufi popote zilipo, hata katikati ya jina la mwingine. Ukitaka Maria aliye peke yake, unaweka kijiti kinachoegemea nyuma na herufi b kila upande, kama kumjengea ukuta: \bMaria\b. Wakabaki Maria wenyewe na yule mzee, maana kistari chake kinahesabiwa kama ukuta. Hata hivyo walijaa ukurasa, maana Kanisa limefanya kazi yake.

Nikajifunza nukta, kwamba inasimama badala ya herufi yoyote. Nikajifunza nyota, kwamba kilichoitangulia kinaweza kuwepo mara nyingi, mara moja, au kisiwepo kabisa. Nyota haina makuu, hata bila kitu inashiba. Lakini nukta na nyota zikikaa pamoja, hao ni walafi. Ukiwaambia wale kuanzia hapa mpaka pale, wanakula mpaka pale pa mwisho kabisa. Nilimwambia Fidelis nina mashemeji wa namna hiyo. Bwana Sosthenes alikuwa anasikia, akashusha mandazi yake.

Sasa Venerande.

Alikuwa anakuja kila Jumanne. Alivuka mpaka akiwa na watoto watatu na kufika na wawili. Msichana wake mdogo, Ciza, miaka minne au mitano, alipotea kwenye msukumano wa kivukoni. Jumanne ya kwanza Fidelis alichekecha Ciza kwenye jina la mtoto na Venerande kwenye jina la mama. Hakuna. Ya pili alichekecha jina la mama peke yake. Hakuna. Ya tatu akina Ciza wote, na waliotokea tuliwaendea mmoja mmoja kwa miguu. Hakuna. Mara tatu nilimwambia kwa mdomo huu. Mara ya tatu aliinuka, akakunja kanga, akaniuliza, "Mama, ile mashine inajua Kirundi?" Nikamwambia haijui hata Kiswahili. Akaondoka.

Wiki ileile ikaja amri kwamba watoto wa nyumba moja, wasio na ndugu waliopatikana, wahamishiwe kambi nyingine, safari ya siku mbili. Lori lingeondoka Ijumaa asubuhi. Karatasi ya lori ilikuwa nambari tupu, hakuna hata jina moja. Mtoto akishafika huko anaandikwa upya kwenye daftari lao, na daftari lao na letu hayakusalimiana.

Alhamisi Fidelis alikuwa anamsomea Bwana Sosthenes ile orodha kubwa, wanailinganisha na fomu kutoka ukurasa wa kwanza. Mimi nagawa chai. Nikasikia, "Nambari fulani, Pendo, baba Bukuru, mama Butoyi."

Nilicheka hadi chai ikamwagikia fomu.

"Mama Abeli," Bwana Sosthenes akasema, "watoto hawa wana shida, wewe unacheka?"

"Shemeji, umewaoza mapacha!"

"Nani kaoza nani?"

"Bukuru ni jina la pacha aliyetangulia kutoka. Butoyi ni pacha aliyemfuata. Ndivyo Warundi wanavyowaita, mapacha wote. Na anayezaliwa baada yao anaitwa Ciza. Hapa mmeandika kaka na dada waliotoka tumbo moja, mmewafunga ndoa, mmewapa na mtoto."

Wote tukamgeukia Hamza. Maskini Hamza akaweka kalamu chini.

"Mtoto hakusema jina lake," akasema. "Kule kwenye nyumba wakampa la Pendo. Nikamwuliza baba, akasema Bukuru. Nikamwuliza mama, akasema Butoyi. Mimi Mtanga, ningejuaje?"

Na kweli. Mtoto wa miaka minne, unamwuliza wa kwenu ni nani, anataja wanaombeba. Baba yake yeye anamjua kwa jina la "baba". Hamza alikuwa ameuliza hivyo watoto wengi, siyo huyu tu. Hapo nikaona wazi: Ciza wa Venerande hakuandikwa Ciza, wala mama yake hakuandikwa Venerande. Tulikuwa tunachekecha unga kwenye gunia la maharage.

"Fidelis," nikasema, "acha kusoma. Chekecha Bukuru na Butoyi."

Kusoma kukaishia hapo, ukurasa wa tatu.

Fidelis kwa haraka yake ya Kihaya akaandika Bukuru, nukta, nyota, Butoyi, na kumbe alikuwa ameiambia mashine isome orodha yote kama mstari mmoja mrefu. Walafi wakaanza kula kwa Bukuru wa kwanza, hawakusimama hadi kwa Butoyi wa mwisho. Mashine ya kuchapa ikalia, karatasi zikashuka mezani, zikapita miguuni kwa Bwana Sosthenes, zikatoka mlangoni. Mbuzi wa jirani akasogea kuangalia.

"Hii ndiyo elimu?" Bwana Sosthenes akauliza.

Fidelis akarudia, safari hii mstari kwa mstari, akawafukuza walafi. Akaandika Bukuru, mkato, Butoyi, majina mawili yanayogusana, na pande zote za mkato akaweka kijiti kinachoegemea nyuma, herufi s na nyota, maana makarani wengine wanaacha nafasi baada ya mkato na wengine hawaachi. Chekeche lilikuwa hivi, mlinakili:

Bukuru\s*,\s*Butoyi

Kabla hajabonyeza akaniuliza, nami namshukuru kwamba aliuliza na najilaumu kwa nilivyojibu, "Niweke na kinyume chake? Butoyi akianza?"

Nikamwambia, "Mhaya wewe, unanifundisha Kirundi? Bukuru ndiye mkubwa. Hakuna mtu duniani anayeanza na Butoyi. Ni kama kuvaa koti kabla ya shati."

Akabonyeza. Wakatoka watoto wawili, Pendo na mvulana mmoja. Mchana huohuo tukamwita Venerande, tukaenda naye nyumba wanamokaa wale wawili, si ile ya lori, mimi mbele kama bwana harusi. Akamtazama Pendo. Akamtazama mvulana. Akawapapasa vichwa, wote wawili, taratibu, halafu akasema, "Si wangu." Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Pendo alikuja kuchukuliwa na shangazi yake, Kolonata, na yule mvulana, jina lake halisi Misago, alipata babu yake baada ya mvua. Hayo ni mazuri, nayaandika yawepo. Lakini Alhamisi ile nilirudi nyumbani nikaunguza mboga.

Ijumaa saa moja na nusu lori lilikuwa limesimama mbele ya ofisi, watoto wameshapanda, kila mmoja na kadi yake shingoni. Venerande akaja na mapacha wake kuwaaga watoto, maana alisikia wengine wanasafirishwa akataka kuwaona tu. Nilikuwa jikoni nje, nachochea moto. Nikamwuliza, kwa kukosa la kusema, siku ile ya kivuko walitembeaje.

"Mimi nilibeba mzigo," akasema. "Bukuru alibeba sufuria, hakutaka kuiachia, mpaka leo analala nayo. Ciza alikuwa mgongoni kwa Butoyi. Tangu azaliwe mgongo wake ni ule. Hata usiku akishtuka haniiti mimi, anamwita Butoyi."

Nikaacha kijiko ndani ya birika.

Mtoto yule ukimwuliza wa kwao ni nani, ataanza na nani? Mila yote ya kutanguliza Bukuru ni ya wakubwa. Mtoto anaanza na mgongo anaoujua.

Nikapiga kelele, "Fidelis! Kinyume chake! Weka na kinyume chake!"

"Jenereta imezimwa, Mama Abeli!"

"Hamza, vuta kamba!"

Hamza alivuta ile kamba ya jenereta kama anavua papa. Wakati huohuo nikasikia Ladislaus anawasha lori. Nikamkimbilia, kandambili moja ikabaki njiani. Akaniona, akanipungia mkono, akadhani naaga. Basi nikakaa chini mbele ya gurudumu, kwenye vumbi, nikanyoosha miguu kama niko kwangu.

"Leokadia!" akatoa kichwa dirishani. "Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Nina watoto wa watu humu na safari ya siku mbili!"

"Mmoja wao si wa safari. Zima."

"Nani kasema?"

"Mashine."

"Mashine imesema nini?"

"Bado haijasema. Inaamka."

Bwana Sosthenes akatoka na karatasi ya nambari mkononi, ameshaiwekea sahihi. "Mama Abeli, inuka. Watu wanatazama."

"Watazame, shemeji. Ukitaka niinuke, mwite Anastazia aje aninyanyue, na umweleze mwenyewe kwa nini."

Akarudi nyuma hatua moja. Anastazia mnamjua.

Humo ndani Fidelis aliongeza kijiti kimoja kilichosimama wima, kinachosema "au", na nyuma yake yale majina yaliyogeuzwa. Kijiti kimoja. Nilikuwa nimemzuia kukiweka jana yake. Chekeche lote likawa hivi:

Bukuru\s*,\s*Butoyi|Butoyi\s*,\s*Bukuru

Tukasubiri. Lori linanguruma juu ya kichwa changu, Venerande amesimama hajui kinachoendelea, ameshika mkono wa kila pacha. Halafu Fidelis akatoka mbio, amevaa soksi tupu, anapiga kelele: "Mmoja ameongezeka! Nambari mia nne na kumi na saba! Ameandikwa Neema! Baba Butoyi, mama Bukuru!"

Ladislaus akazima injini.

Bwana Sosthenes mwenyewe ndiye aliyepanda nyuma ya lori, na suruali yake ya kupigwa pasi, akapitia kadi moja moja. Alikuwa amekaa kwenye gurudumu la akiba, msichana mwenye kichwa kikubwa, anakula ndizi bila haraka. Akamshusha.

Mlitaka niseme mtoto alimrukia mama yake. Hakumrukia. Venerande alipiga magoti na mikono wazi, na yule mtoto akampita kama mtu anavyopita nguzo, akazunguka nyuma ya Butoyi, akainua mikono abebwe. Butoyi akainama, akambeba, akamrusha kidogo akae vizuri, kama vile alikuwa amemshusha jana. Ndipo kutoka juu kule mgongoni akamtazama mama yake, akamnyooshea kipande cha ndizi.

"Hata salamu!" Venerande akasema, analia na kucheka. "Hata salamu, Ciza!"

Bukuru alikuwa ameshika sufuria.

Bwana Sosthenes kwenye ripoti yake aliandika kwamba lori lilichelewa kwa sababu za kiufundi. Sababu ya kiufundi ilikuwa mimi, nimekaa chini.

Jumatatu iliyofuata Hamza alikata mstari kwenye fomu za watoto wadogo, pale palipoandikwa jina la baba na la mama, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika swali jipya juu yake: "Nani alikuwa anakubeba?" Hakuna mkubwa aliyemwagiza. Fomu hizo tulizitumia miaka yote, na mnazikuta kwenye makabati hadi leo, mlikuwa mnadhani ni utani.

Mimi nilipewa daftari langu la machekeche. Nilifanya kazi ile mpaka kambi ikafungwa na ofisi ikahamia Biharamulo, na katika miaka yote hiyo sikubonyeza chekeche la majina mawili bila kile kijiti cha wima na kinyume chake. Wengine waliniona mzito. Edina, wewe uliwahi kuniambia, "Bibi, hiyo haiwezi kutokea." Sikukujibu siku ile, nakujibu leo kwa kurasa hizi.

Basi majina yote niliyoyataja nimeyataja kama yalivyo kichwani mwangu. Stanislas aliyekaa karibu na mlango labda alikuwa Pontien, na Pontien labda ndiye aliyekuwa na miguu yote. Aliyekuwepo akiona nimekosea, au mtoto wa aliyekuwepo, anisahihishe, nitashukuru na nitafuta kwa mkono wangu. Msiogope kwamba naonekana kuwa na hakika. Siku moja niliwahi kuwa na hakika kabisa, na kesho yake mtoto alikuwa ameshapanda lori.